Vyuo Sita, Mlango Mmoja: Hesabu ya Kuchagua Chuo cha Shahada ya Uuguzi Ukiwa Tukuyu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mara nyingi mwezi wa saba, steshenari za Tukuyu mjini zinajaa vijana wenye bahasha za vyeti. Wanaotaka shahada ya uuguzi ni wengi, na ushauri wanaopewa na kaka, dada, walimu na hata mwenye steshenari ni uleule: "Omba vyuo vingi, kimoja hakitakosa."

Ushauri huo ni nusu ukweli. Ile nusu nyingine ndiyo inayowagharimu watu mwaka mzima nyumbani, na ada za maombi zilizolipwa kwa hela ya ndizi, viazi au majani ya chai. Idadi ya vyuo inasaidia kidogo kuliko tunavyodhani. Kinachosaidia zaidi ni vyuo hivyo kuwa na milango tofauti. Hilo linaweza kuonyeshwa kwa hesabu ambayo kila aliyemaliza kidato cha nne anaimudu, na ndiyo kazi ya makala haya. Tukimaliza hesabu tutaangalia swali la pili, ambalo watu wengi hulisahau kabisa: chuo kikishakuchukua, kitakufundisha nini wodini?

Siku hizi anayechagua ni wewe

Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu Tanzania yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwombaji alipanga chaguo zake na mfumo ukampangia chuo. Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa, na sasa unaomba moja kwa moja kwenye kila chuo. TCU imebaki na kazi ya kuweka vigezo, kutoa mwongozo wa udahili wa kila mwaka na kuhakiki majina ya waliochaguliwa.

Maana yake kwa mtoto wa Rungwe ni kwamba kazi iliyokuwa ya kompyuta imehamia mezani kwake. Kila chuo kina ukurasa wake wa maombi, ada yake ya maombi na foleni yake. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja tu kwa namba ya siri unayotumiwa. Usipothibitisha mapema unajiweka hatarini, na pia unashikilia viti vya wenzako wanaosubiri, kwa sababu dirisha la pili la maombi hujazwa na nafasi zilizobaki au zilizoachwa.

Mlango kwanza, foleni baadaye

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kigezo cha chini, yaani mlango: unaingia au huingii. Cha pili ni ushindani, yaani foleni iliyo ndani ya mlango: chuo kina viti kadhaa, kinawapanga waombaji kwa ufaulu, na kinachukua kuanzia juu hadi viti viishe. Kutimiza kigezo cha chini kunakupa haki ya kupanga foleni. Hakukupi kiti.

Tuanze na mlango. Kwa shahada ya uuguzi, kigezo ambacho vyuo kadhaa vimekuwa vikitumia katika miongozo ya TCU ni hiki: ufaulu wa masomo matatu, ambayo ni Kemia, Bayolojia, na moja kati ya Fizikia, Hisabati ya Juu au Lishe, jumla isiyopungua pointi 6, Kemia isiwe chini ya C, Bayolojia isiwe chini ya D, na hilo la tatu lisiwe chini ya E. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1.

Sasa chukua vijana watatu wa mfano.

Binti wa Kiwira ana Kemia C, Bayolojia D na Fizikia E. Pointi zake ni 3 + 2 + 1 = 6. Yuko ndani ya mlango, ila amesimama kizingitini kabisa.

Kijana wa Katumba ana Kemia D, Bayolojia B na Fizikia C. Pointi zake ni 2 + 4 + 3 = 9. Amemzidi binti wa Kiwira kwa pointi tatu, lakini kwa kigezo hicho yuko nje, kwa sababu ya ile D ya Kemia. Akiomba vyuo kumi vyenye kigezo hicho atakataliwa kumi.

Wa tatu alisoma CBG na akafaulu vizuri sana: Kemia B, Bayolojia A, Jiografia A. Pointi 14. Naye yuko nje, kwa sababu Jiografia haimo kwenye yale masomo ya tatu yaliyotajwa. Huyu anaumia zaidi kwa sababu kosa halikufanyika kwenye mtihani. Lilifanyika siku ya kuchagua tahasusi, na huenda hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo mdogo wangu uliye kidato cha nne sasa hivi, ukitaka uuguzi wa shahada, angalia PCB, au CBN kama shule ipo, kabla hujajaza fomu ya tahasusi.

Mwongozo wa TCU unapatikana bure kwenye tovuti yao, na kuna kitabu kimoja cha wenye kidato cha sita na kingine cha wenye diploma. Soma wa mwaka unaoomba wewe. Wa kaka yako aliyemaliza miaka minne iliyopita unaweza kukupoteza.

Vyuo vitatu ni nafasi ngapi?

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu, za kufundishia. Si takwimu za chuo chochote.

Tuseme binti wa Kiwira ameomba vyuo vitatu, na kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 30 wa kumchukua. Je, uwezekano wa kupata angalau kimoja ni upi? Mtu akikurupuka atasema 30 × 3 = 90. Si hivyo, maana kwa mtindo huo vyuo vinne vingempa asilimia 120.

Njia sahihi ni kuhesabu uwezekano wa kukosa vyote. Kila chuo anakikosa kwa 0.7. Kukosa vitatu ni 0.7 × 0.7 × 0.7 = 0.343. Basi kupata angalau kimoja ni 1 − 0.343, yaani takriban asilimia 66. Akiomba vyuo sita inakuwa asilimia 88. Inapendeza, na hapo ndipo ule ushauri wa "omba vingi" unapopata nguvu zake.

Lakini hesabu hiyo imebeba dhana moja kimyakimya: kwamba vyuo havitegemeani, kama vile kurusha sarafu sita tofauti. Ukweli si huo. Vyuo vyote sita vinaangalia cheti kilekile. Kama ufaulu wa Kemia na Bayolojia kitaifa umepanda mwaka huo, foleni zinakuwa ndefu kila mahali kwa wakati mmoja. Kinachokufanya ukose chuo cha kwanza ndicho kitakachokufanya ukose cha pili.

Tuiweke dhana hiyo kwenye namba. Tuseme kuna miaka ya aina mbili, na hujui wa kwako ni upi: mwaka mgumu, ambao kila chuo kinampa binti wetu asilimia 10 tu, na mwaka mwepesi, ambao kila chuo kinampa asilimia 50. Wastani bado ni asilimia 30 kwa kila chuo, kama mwanzo. Angalia kinachotokea:

Kwa vyuo vitatu, mwaka mgumu anakosa vyote kwa 0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.729. Mwaka mwepesi anakosa vyote kwa 0.5 × 0.5 × 0.5 = 0.125. Wastani wa hizo mbili ni 0.427. Kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau kimoja ni asilimia 57, badala ya 66.

Kwa vyuo sita, ukifanya hesabu ileile, unapata asilimia 73 badala ya 88.

Umeona? Amelipa ada ya maombi mara mbili zaidi, amekaa steshenari mara mbili zaidi, na tofauti kati ya matumaini na uhalisia imezidi kupanuka. Kila chuo cha ziada kinachofanana na vilivyotangulia kinaongeza kidogo kuliko cha kabla yake.

Mwaka 2006 wachumi wawili, Hector Chade na Lones Smith, walichapisha kazi kuhusu tatizo hilihili la kuchagua mahali pa kuomba kwa pamoja. Njia waliyoieleza unaweza kuifanya kwenye daftari: anza na chuo kimoja ambacho, ukizingatia unavyokipenda na uwezekano wa kukipata, ndicho chaguo bora kikiwa peke yake. Kisha jiulize, nikiongeza kimoja tu, ni kipi kitakachoongeza zaidi kwenye hicho nilichonacho? Endelea hivyo, na simama pale ambapo kinachoongezeka hakilipii tena gharama ya kuomba. Wao walikokotoa kwa vyuo ambavyo majibu yake hayategemeani. Kwa vyuo vinavyotegemeana, kama vyetu, ni busara kukazia zaidi lile swali la katikati: hiki kinaongeza nini ambacho wenzake hawana?

Mlango wa diploma, na ngazi iliyofichika

Mlango ulio tofauti kweli kwa mtu wa uuguzi ni diploma. Maombi yake yanasimamiwa na NACTVET na si TCU, na kigezo chake kinatokana na kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Bayolojia na Fizikia. Kozi ni miaka mitatu. Kwa watu wa Rungwe kuna Chuo cha Uuguzi cha serikali palepale Tukuyu, na vingine viko Mbeya na mikoa ya jirani.

Kwa nini nasema ni mlango tofauti? Kwa sababu matokeo yako ya kidato cha nne tayari unayo mkononi. Hayatikiswi na ushindani wa kidato cha sita wa mwaka huu. Turudi kwenye mfano: binti wa Kiwira anaomba vyuo vitatu vya shahada, halafu anaongeza ombi moja la diploma ambalo tuseme uwezekano wake ni asilimia 80. Uwezekano wa kukosa vyote unakuwa 0.427 × 0.2, yaani 0.085. Sasa ana asilimia 91 za kuwa darasani mwaka huo. Linganisha na asilimia 73 za vyuo sita vya mlango mmoja. Maombi manne yamewashinda sita.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Kuingia diploma si sawa na kuingia shahada, na njia ya kutoka diploma kwenda shahada ina ngazi iliyofichika. Kwa mwenye diploma ya uuguzi, kigezo kilichozoeleka katika miongozo ni wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hapo gredi isiyopungua D kwenye masomo matano ya kidato cha nne: Hisabati, Kemia, Bayolojia, Fizikia na Kiingereza.

Soma tena hayo matano. Kuingia diploma hukudaiwa Hisabati wala Kiingereza. Kutoka diploma kwenda shahada unadaiwa vyote viwili. Mtu mwenye F ya Hisabati anaweza kusoma miaka mitatu vizuri kabisa, akapata GPA nzuri, akafanya kazi, halafu siku anaomba shahada mfumo unamkatalia kwa F ya miaka mingi nyuma. Na F za Hisabati kidato cha nne zimejaa nchi nzima, sote tunajua.

Dawa yake ipo na si ghali: kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA. Ukiwa nyumbani unasubiri chuo, au mwaka wa kwanza wa diploma, ni rahisi zaidi kuliko ukiwa kazini zamu za usiku na mtoto mgongoni. Mzazi unayesoma haya, toa kile cheti cha kidato cha nne kwenye sanduku leo, angalia Hisabati na Kiingereza kabla ya kitu kingine chochote.

Na je, inafaa kujisumbua na shahada, wakati mwenye diploma naye ni muuguzi kamili anayeokoa maisha? Linda Aiken na wenzake, katika utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, walichambua kumbukumbu za wagonjwa 422,730 wa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na pungufu la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Utafiti huohuo uliona pia kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo. Kuambatana si kusababisha, na hospitali za Ulaya si wodi za Tukuyu. Hata hivyo mambo mawili yanasimama: elimu ya muuguzi ina uzito, na mzigo wa kazi nao una uzito. Kwa mtu binafsi, shahada ndiyo pia inayofungua njia ya kwenda uzamili, kufundisha na utafiti.

Sasa, chuo kipi kitakufanya muuguzi?

Tuseme mlango umeupita. Hapa watu wengi wanachagua kwa jina la chuo au jina la mji. Jiulize badala yake utajifunzia wodi gani. Uuguzi haujifunzwi kwa kusikiliza. Kuweka kanula, kupima presha ya mama mjamzito, kutambua kwamba mtoto anayepumua haraka anaelekea pabaya, yote hayo yanakuja kwa kurudia mara nyingi huku mtu anayejua anakuangalia na kukurekebisha. Watafiti wa kujifunza wanasisitiza vitu hivyo viwili kwa pamoja: marudio na marekebisho. Kurudia bila kurekebishwa kunajenga mazoea mabaya.

Kwa hiyo ukilinganisha vyuo, linganisha hospitali zake. MUHAS iko Dar es Salaam na wanafunzi wake wanajifunzia Muhimbili, ikiwemo Mloganzila. Mbali na uuguzi, ina pia shahada ya ukunga. Hubert Kairuki, nayo ya Dar, iko pamoja na Hospitali ya Kairuki, Mikocheni. Moshi kuna chuo kilichounganika na hospitali ya KCMC. Mwanza kuna CUHAS kwenye hospitali ya Bugando. Dodoma kuna UDOM, jirani na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kuna pia Chuo Kikuu cha St. John's. Aga Khan ya Dar es Salaam inajulikana kwa shahada ya wauguzi ambao tayari wana diploma na wako kazini, kwa hiyo ihifadhi kwa ajili ya baadaye.

Mbeya, kwa upande wetu, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kitengo chake cha wazazi cha Meta, na kuna ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, MCHAS, inayofahamika zaidi kwa kufundisha udaktari. Usidhani kwamba kila chuo cha afya kilicho karibu kina shahada ya uuguzi. Fungua mwongozo wa mwaka wako, tafuta jina la programu, siyo jina la chuo.

Hospitali kubwa ya rufaa ina faida ya wazi: utaona magonjwa ambayo wilayani yanapita mara moja kwa miaka. Ina gharama yake pia. Kitanda kimoja kinaweza kuzungukwa na wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na wengineo, na mkono wako usimfikie mgonjwa siku nzima. Hospitali ndogo ina magonjwa ya kawaida mengi, na wanafunzi wachache. Ndiyo maana chuo kizuri huchanganya, kinawatoa wanafunzi wake kwenda pia hospitali za wilaya na vituo vya afya.

Maswali ya kumwuliza mtu anayesoma huko ni haya. Wodini mnakuwa wanafunzi wangapi kwa mgonjwa mmoja? Anayekusimamia ni mwalimu wa chuo, au mnaachiwa muuguzi wa zamu mwenye kazi zake? Chumba cha mazoezi chenye midoli ya mfano wa binadamu mnakitumia kweli au kinafunguliwa wageni wakija? Wodi ya wazazi mlikaa wiki ngapi? Waliomaliza wanafaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga? Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu shahada peke yake haikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Baada ya miaka minne ya chuo kuna mwaka mmoja wa utarajali, na kuna usajili na leseni ya Baraza. Chuo au programu isiyotambuliwa na TCU na Baraza ni hela iliyotupwa mto Kiwira.

Huna haja ya kusafiri hadi Moshi kuuliza. Nenda Makandana, hospitali yetu ya wilaya, au Igogwe, au Itete kule Busokelo. Subiri zamu ipungue, msalimie muuguzi kwa heshima, mweleze shida yako, mwulize alisoma wapi na kama angerudia. Ongea na watatu au wanne. Ila kumbuka jambo moja ambalo sisi wa utafiti tunalichunga sana: unaokutana nao kazini ni wale waliofika. Walioacha katikati kwa kukosa ada hawapo wodini kukusimulia. Kwa hiyo waulize pia: mlianza wangapi, na walioondoka waliondokea wapi?

Hela, kabla haijakushtua

Ada ndiyo namba inayoonekana kwenye tovuti, lakini siyo gharama nzima. Chukua daftari na uandike kwa kila chuo: ada ya mwaka, malazi, chakula, sare na vifaa vya wodini, bima ya afya, na nauli ya kwenda na kurudi. Jumlisha, zidisha kwa miaka minne. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na Tukuyu bado hujafika. Chuo chenye ada nafuu kwenye mji wenye kodi kubwa kinaweza kukugharimu zaidi ya kile ulichokiogopa.

Bodi ya Mikopo inatoa mkopo kwa kuangalia uhitaji, na kozi za afya zimekuwa kwenye vipaumbele vyake. Kiwango hakifanani kwa wote, kwa hiyo usipange bajeti ukidhani bumu litafunika kila kitu. Maandalizi ya mkopo yanaanza kabla ya chuo: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na wengi wanakwama hapo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa diploma wa fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi za afya, kwa hiyo hakikisha kwanza kama uuguzi umo.

Vyuo binafsi ada zake ni kubwa zaidi, na mara nyingi kwa sababu hiyohiyo foleni ni fupi. Kwa hesabu yetu, chuo kama hicho ni mlango tofauti kidogo: kinachokuzuia ni hela zaidi ya pointi. Kama familia inaweza, kiweke kimoja kwenye orodha. Kama haiwezi, usikiombe kwa matumaini ya muujiza. Kuchaguliwa mahali usipoweza kulipa ni sawa na kutochaguliwa, ila kwa kuchelewa.

Kuipanga karatasi

Chora safu tano kwenye ukurasa: chuo na programu, kigezo cha mwaka huu, hospitali ya kujifunzia, gharama ya miaka minne, na nini kinaweza kunikosesha. Safu ya mwisho ndiyo ya muhimu. Ukimaliza, isome kutoka juu hadi chini. Kama kila mstari umeandikwa kitu kilekile, kwa mfano "Kemia yangu ni C tupu", basi orodha yako ina chuo kimoja kilichoandikwa mara nyingi. Futa viwili, weka kimoja chenye sababu tofauti ya kukukosa, na kimoja cha diploma.

Ukifuata hivyo, orodha ya kijana wa kawaida mwenye ufaulu wa kati inaweza kuwa hivi: chuo kimoja anachokitamani hata kama foleni ni ndefu, vyuo viwili vya shahada ambavyo pointi zake ziko juu kidogo ya kizingiti, kimoja cha mlango tofauti kwa ada au kwa programu kama ukunga, na ombi la diploma. Mwenye pointi 6 kamili apunguze cha kutamani, asiache diploma. Mwenye pointi 13 anaweza kufanya kinyume.

La mwisho ni la steshenari. Akikusaidia mtu kuomba, hakikisha barua pepe na namba ya simu ni zako, neno la siri umeliandika wewe na umelihifadhi, na namba ya mtihani imeingizwa bila kukosea hata tarakimu moja. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo itatumwa kwenye simu iliyosajiliwa, na dirisha la kuthibitisha huwa la siku chache. Ikienda kwenye simu ya mwenye steshenari ambaye amefunga duka na kwenda Kyela kwenye msiba, hesabu zote za hapo juu hazitakusaidia.